UZI: Oili ya injini ya dizeli. Soma herufi kabla ya namba (15W-40, CI-4, CK-4, DL-1 na wenzake)

Beringi_Kuu

Wakuu salaam.

Ukifika duka la vipuri, iwe Kariakoo, Kirumba au Mwanjelwa, ukaomba oili ya dizeli, unaulizwa swali moja: "Arobaini au hamsini?" Hapo muuzaji kauliza uzito tu, yaani unene wa oili inavyotiririka. Uzito ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni daraja, zile herufi ndogo nyuma ya kopo, na huko ndiko injini nyingi za dizeli zinakoharibikia bila mwenye gari kujua. Naanzisha uzi tuchambue. Wenye pikapu, wenye magari ya Kijapani ya kisasa, wa malori na wa mashine za kusaga, wote mna sehemu yenu.

Tuanze na hizo namba, tuzimalize haraka. Kwenye 15W-40, namba yenye W inapimwa kwenye baridi kali: oili ya 15W lazima iruhusu starta kuzungusha krenki kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na pampu iweze kuivuta kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri. Kitulo alfajiri ya Julai haikaribii huko. Namba ya pili inapimwa oili ikiwa nyuzi 100. Kwa sentistoksi, kipimo cha unene huo, yenye 30 iwe kati ya 9.3 na 12.5, yenye 40 kati ya 12.5 na 16.3, yenye 50 kati ya 16.3 na 21.9. Kwa hiyo oili mbili zote zikiwa "40" zinaweza kupishana sana, moja iko 12.8 na nyingine 16.

Ile hoja ya "huku kwetu joto, weka nzito" ina tatizo. Joto la oili ndani ya injini linaamuliwa na mzigo, rejeta na thamostati. Injini nzima ya kupozwa kwa maji ikifika joto lake la kazi, oili inakaa karibu nyuzi 90 hadi 110, uwe Dar au uwe Arusha. Tofauti kubwa iko asubuhi. Kwenye nyuzi 40, 5W-30 ina sentistoksi kama 65 hadi 70, 15W-40 kama 110, na 20W-50 hupita 150. Sekunde za kwanza baada ya kuwasha, turbo na kamshafti vinasubiri oili ipande. Ukiweka nzito kuliko inavyotakiwa unarefusha kusubiri huko kila siku ya Mungu.

Sasa herufi. Kwenye mfumo wa API wa Marekani, S ni petroli na C ni dizeli. Za dizeli zimekuja hivi: CF-4 mwaka 1990, CG-4 1995, CH-4 1998, CI-4 2002, CJ-4 2006, CK-4 Desemba 2016. CI-4 ilitengenezwa kwa ajili ya injini zenye EGR, yaani zinazorudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda, na kwa dizeli yenye salfa hadi asilimia 0.5. Inabeba masizi mengi bila kuganda kuwa tope. CJ-4 na CK-4 zimebanwa majivu yasizidi asilimia 1.0 ili zisizibe DPF, lile chujio la masizi kwenye ekzosi.

Mnaonunua oili za "SL/CF": herufi iliyotangulia ndiyo kazi yake kuu. Hiyo ni oili ya petroli, na hiyo CF ni daraja lililokwisha muda. Kuiweka kwenye dizeli yenye turbo na EGR ni kuitafutia injini tope.

Maswali karibuni.

NyundoTatu

Mkuu umenena. Swali langu: Hilux yenye injini ya dizeli ya 1KD-FTV, kilomita zimepita 300,000. Mafundi wengi wanashauri "injini ikichoka panda hamsini". Kuna ubaya gani? Kitabu chenyewe mbona kinataja hadi 20W-50?

MzeeWaKrenki

Kitabu kinaitaja kweli, kwa hiyo 20W-50 haivunji masharti ya uzito. Daraja linalotajwa humo kwa 1KD za zamani ni CF-4 au CF, kwa hiyo CI-4 inapita juu ya sharti hilo kwa mbali. Chaguo langu kwa hiyo injini ni 15W-40 CI-4. Kwa Hilux inakula kama lita 6.9 pamoja na filta.

Ila kabla ya kupanda hamsini, uliza kwanza kwa nini inaonekana imechoka. Ugonjwa wa 1KD unajulikana: washa (pete nyembamba za kuziba) za shaba chini ya nozeli zinavuja. Moshi wa mlipuko unapenya pembeni ya nozeli, unaingia chini ya kava la juu ukiwa na masizi, unateremka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Masizi yanaganda kwenye wavu wa chujio la pampu ya oili, lile linalokaa ndani ya sampu ambalo hakuna anayeliona akibadili filta ya nje. Wavu ukiziba, pampu inavuta hewa. Turbo inakufa kwanza, halafu beringi za konrodi, halafu injini inanoki.

Sasa kwenye injini ya hivyo ukaweka 20W-50, oili nzito inapita kwenye wavu ulioziba nusu kwa shida zaidi. Umeharakisha kifo.

Dalili za kuangalia: taa ya oili inachelewa kuzima asubuhi, mlio wa tak-tak sekunde chache baada ya kuwasha, na ukifungua mfuniko wa kujazia oili injini ikiwa inaunguruma unakuta inapumua kwa nguvu. Ukiona hivyo, shusha sampu. Angalia wavu kwa macho yako. Kama una ukoko mweusi mgumu kama mkaa, kuusafisha peke yake hakutoshi, badili na washa za nozeli. Na kila nozeli ikitolewa kwa sababu yoyote, washa mpya. Ya zamani hairudishwi, hata ikionekana nzima, kwa sababu shaba imeshabonyea kwa umbo la kiti chake.

Hamsini ina nafasi yake: injini nzee isiyo na turbo, ringi zimelegea kidogo, inakula oili, presha imeshuka na wavu umethibitika kuwa safi. Injini ya Toyota 1HZ iliyochoka kwa mfano. Hapo 20W-50 yenye CF-4 au zaidi inasaidia. Haitibu ringi, inapunguza tu kula oili.

Msomaji_Kimya

Shikamoo mzee. Kuna mafundi wanamwaga oili, wanajaza dizeli au mafuta ya taa, wanawasha dakika tano "kuosha injini", ndipo wanaweka mpya. Inafaa kwa tope la hivyo?

MzeeWaKrenki

Marahaba. Usikubali. Mambo mawili yanatokea. La kwanza, tope linabanduka kwa mapande na kwenda moja kwa moja kwenye ule wavu. La pili, ukimwaga, si yote inatoka. Inabaki kwenye njia za oili, kwenye kipoza oili, kwenye turbo. Ikibaki nusu lita ndani ya injini inayokula lita 7, hiyo ni kama asilimia 7 ya oili yako mpya. Dizeli asilimia 5 tu inatosha kuishusha 40 kuelekea 30. Umelipia 15W-40, unaendesha na kitu kingine.

Njia ya salama: weka CI-4 ya kawaida, endesha kilomita 1,500 hadi 2,000, mwaga ikiwa ya moto, badili na filta. Rudia. Visafishaji vilivyomo ndani ya oili vinakula tope taratibu bila kulibandua. Kama tope ni nene sana, kazi ni ya kushusha sampu, hakuna mkato.

DadaDizeli

Naomba niwaongelee wenye Mazda CX-5, Axela na Atenza zenye SkyActiv-D 2.2, maana zimejaa sana barabarani na zinawekewa 15W-40 kila siku.

Injini hii ina mgandamizo wa 14.0 kwa 1 na ina DPF. DPF inakamata masizi, halafu kila baada ya muda inayachoma kwa joto la kama nyuzi 600. Ili kufikia joto hilo, kompyuta inaamuru nozeli zinyunyize dizeli ya ziada pistoni ikiwa imeshaanza kushuka. Dizeli hiyo haichomeki yote ndani ya silinda. Nyingine inagusa kuta za silinda, inapita kwenye ringi, inaingia kwenye sampu. Ndiyo maana kwenye gari hizi kiwango cha oili *kinapanda*. Mtu anachomoa dipstiki, anaona oili imejaa kupita alama ya F, anafurahi kwamba gari halili oili. Ile si oili, ni dizeli.

Tazameni dipstiki ya hiyo gari kwa makini. Kuna L ya chini, kuna F ya kujaa, na juu kidogo ya F kuna alama ya X. Mazda wameweka X kwa ajili ya jambo hili hili. Oili ikikaribia X, mwaga, hata kama umebadili kilomita 2,000 zilizopita. Usichote kidogo ili ishuke. Ile iliyobaki nayo imeshachanganyika. Ikipita X ukaendelea, krenki inaipiga oili mpaka inatoa povu, mvuke wake unavutwa kupitia njia ya kupumulia hadi kwenye hewa ya kuingilia, na injini inaweza kuanza kuchoma oili yake yenyewe. Dizeli inayokimbia hivyo haizimwi kwa ufunguo.

Oili yake ni 0W-30 au 5W-30 ya JASO DL-1 (daraja la Kijapani), au 5W-30 ya ACEA C3 (daraja la Ulaya). Lita 5 na ushee pamoja na filta. Sababu ya DL-1 na C3 ni majivu. Masizi yanaungua, majivu hayaungui. Majivu yanatoka kwenye kalsiamu, magnesiamu na zinki zilizomo kwenye viambato vya oili. DL-1 imebanwa yasizidi asilimia 0.6, C3 asilimia 0.8. CI-4 ya 15W-40 huwa na 1.3 hadi 1.5. Kila tone linalopita kwenye ringi linaacha majivu ndani ya chujio na hayatoki tena. DPF ikijaa majivu, kompyuta inaona presha imepanda, inadhani ni masizi, inaamuru kuchoma mara nyingi zaidi, dizeli nyingi zaidi inaingia kwenye oili. Mzunguko huo ndio unaomaliza injini hizi.

Kwa anayetembea ndani ya mji tu, Ubungo hadi Posta na foleni zake, kuchoma kunakatishwa njiani kabla hakujakamilika. Mara moja kwa wiki itoe barabara kuu, dakika 20 hadi 30 bila kusimama. Na usizime gari katikati ya uchomaji. Utaujua kwa mzunguko wa injini kupanda kidogo gari likiwa limesimama na feni kuunguruma hata kama hakuna joto.

KataDPF

Dada shukrani. Ila wengi huku tumeshaikata DPF. Ikikatwa si unaweka 15W-40 na maisha yanaendelea?

DadaDizeli

Kaka, inategemea imekatwaje. Kama wametoboa chujio tu, programu ya injini ikabaki ya zamani, kompyuta bado inaamuru kunyunyiza ile dizeli ya ziada. Chujio halipo, dizeli bado inashuka kwenye sampu. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote. Dipstiki yako itakuambia: kama kiwango kinaendelea kupanda, programu haijaguswa.

Kama programu imerekebishwa vizuri, sharti la majivu madogo limeondoka. Sharti la uzito halijaondoka. Njia za oili, pampu na nafasi za beringi za injini hiyo zimekadiriwa kwa 30. Baki kwenye 5W-30 C3. Ina kipimo cha HTHS, yaani uzito wa oili ikiwa nyuzi 150 na ikikandamizwa kwa kasi kati ya beringi na krenki, kisichopungua 3.5. DL-1 inaruhusiwa kushuka hadi 2.9. Kwa injini ambayo dizeli inaingia kwenye oili, mimi ningechukua C3 kwa sababu ya akiba hiyo.

Beringi_Kuu

Nakazia hapo. Na wenye Isuzu ELF na malori madogo ya Kijapani yaliyokuja na chujio la masizi: yenu ni JASO DH-2, mara nyingi 10W-30. DH-2 majivu ni asilimia 1.0, juu au chini kwa 0.1. Mkiikosa, 15W-40 ya CJ-4 au CK-4 yenye DH-2 imeandikwa kwenye kopo inafaa. DH-1 ni kwa zisizo na chujio. Herufi moja ya mwisho tu, na fundi asiyesoma anazichanganya.

Semi_Tunduma

Kwenye malori ya masafa hali ni tofauti kidogo. Magari ya Dar hadi Tunduma na kuendelea hadi Kasumbalesa yanabeba mzigo mzito na yanapanda Kitonga na gia ndogo, oili inapita nyuzi 110. Hapa HTHS ndiyo inalinda beringi, na 15W-40 inatakiwa isipungue 3.7. Usilete ujanja wa 10W-30 ya kubana mafuta kwenye injini ya zamani.

Na kuweni makini na FA-4. Ilitoka pamoja na CK-4 mwaka 2016, HTHS yake ni 2.9 hadi 3.2 tu, kwa injini chache mpya zilizoundwa kwa ajili yake. Ukiona kopo la 10W-30 lenye FA-4 kwa bei nzuri, liache dukani. CK-4 inarudi nyuma kwenye injini za CI-4 na CH-4, FA-4 hairudi.

Kwa wenye magari mchanganyiko. Howo yenye injini ya WD615 na FAW za zamani zinaridhika na 15W-40 CH-4 au CI-4. Actros yenye injini ya OM501, tazama herufi za Mercedes zenyewe: MB 228.3 ni daraja la kawaida la 15W-40, MB 228.5 ni la oili ya sintetiki ya muda mrefu, kawaida 10W-40, ambayo kwa Ulaya ni ACEA E4. Watu wanasikia "Actros inakwenda kilomita nyingi bila kumwaga", wanaweka 228.3 halafu wanafuata muda wa 228.5. Hapo ndipo kamshafti na beringi zinapoliwa. Muda unafuata oili uliyoweka.

Actros za Euro 5 (daraja la Ulaya la usafi wa moshi) zenye urea hazina DPF, kwa hiyo 228.5 ni sawa. Euro 6 zina DPF, zinataka 228.51 au 228.31. Kuwa na tangi la urea peke yake siyo ishara ya DPF.

Mswahili_Nairobi

Ndugu zangu, ongezeni suala la salfa, maana linabadilisha hesabu ya muda. Salfa ikiungua inazaa asidi, na oili ina akiba ya alkali ya kuizima, ile TBN kwenye karatasi ya oili. CI-4 mpya huwa na 10 hadi 12, E4 huanzia 12. TBN ikishuka hadi nusu ya ilivyoanza, oili imekwisha hata kama bado inateleza vidoleni.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni Januari 2015. Kwa dizeli hiyo CI-4 ina akiba ya kutosha sana, na CK-4 pia haina shida. Ila hiyo ni dizeli ya pampu halali. Ya madumu kando ya barabara haina mdhamini. Ikichanganywa na mafuta ya taa, mambo mawili: ulainishaji wa pampu na nozeli unapungua, nozeli zinaanza kutona, na kinachotona kinaishia kwenye sampu. Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu ya uchakachuaji huu. Kama huna hakika na dizeli unayopata njiani, kata muda wa oili nusu.

EWURA_Msikivu

Na huku Tanzania vinasaba vinawekwa kwenye mafuta tangu 2010 kwa sababu hiyo hiyo. Nunua kituo, omba risiti.

Mama_Sembe

Samahanini, sisi wa mashine za kusaga mmetusahau. Injini ni S195, ya silinda moja ya kulala. Dukani wanauza SAE 40 ya dumu. Inafaa, au nitafute hizo za 15W-40?

MzeeWaKrenki

Mama hujasahaulika. S195 ni farasi 12 kwa mizunguko 2,000, haina turbo, haina EGR. SAE 40 inafaa kama dumu limeandikwa CD au CF. Likiwa halina herufi yoyote, liache. 15W-40 CF-4 au CI-4 pia inafaa, na asubuhi za baridi za Njombe au Mbeya itawaka kwa urahisi zaidi.

Kikubwa kwenu ni saa. Injini hiyo ina wavu tu, haina filta ya karatasi kama ya gari. Uchafu haukamatwi popote, unazunguka. Kwa hiyo mwaga kila baada ya saa 100 za kazi. Mkisaga saa 8 kwa siku, hiyo ni siku 12 hivi. Andikeni kwa chaki ukutani. Oili ikitoka, toa wavu, uoshe kwa dizeli, ukauke, urudishe.

Jambo la pili ni vumbi la unga. Kama kisafisha hewa ni cha bakuli la oili, bakuli lijazwe hadi alama, lisipite. Likizidi injini inavuta oili, likipungua unga unaingia kwenye silinda na kula ringi. Kwenye kinu, fungua ulitazame kila siku. Ukiona limekuwa uji, mwaga.

Wenye Lister za zamani, zile za mizunguko 650, zinalainishwa kwa kijiko cha konrodi kinachorusha oili. Hizo zitazame kiwango kila asubuhi, kwa sababu oili ikishuka chini ya kijiko hakuna onyo lolote.

Wenye jenereta za silinda nne na filta ya kawaida: saa 250 ni kipimo cha kawaida, au mwaka mmoja hata kama halijafika. Jenereta kubwa likiendeshwa na mzigo mdogo sana, chini ya thuluthi, halipati joto na dizeli inapenya hadi kwenye oili. Libebeshe mzigo.

Foleni_ya_Mbezi

Hiyo ya saa inatuhusu na sisi wa mjini. Kilomita 5,000 za foleni siyo kilomita 5,000 za Dodoma.

Beringi_Kuu

Sahihi kabisa. Saa moja ya kuunguruma umesimama ihesabu kama kilomita 40 hadi 50.

MtejaMakini

Oili yangu ilikuwa nyeusi tii siku ya pili tu baada ya kubadili. Niliuziwa feki?

DadaDizeli

Weusi haukuambii lolote kwenye dizeli. Masizi kidogo sana yanatosha kuigeuza rangi, na oili iliyobaki ndani inayo tayari. Oili nzuri ndiyo inayokuwa nyeusi haraka, maana inayabeba masizi badala ya kuyaacha yagande.

Kipimo cha nyumbani ni hiki. Zungusha injini mpaka ipate moto, zima, chomoa dipstiki, dondosha tone moja kwenye karatasi ya kuchujia kahawa au karatasi nyeupe inayonyonya, isiyo na ng'aro. Ilaze juu ya mdomo wa kikombe ili tone lisiguse chini. Iache hadi kesho yake. Oili yenye afya inatandaa polepole, katikati nyeusi inafifia kuelekea nje hadi kijivu bila mpaka. Ukiona duara jeusi lenye ukingo mkali na nje yake peupe, uwezo wa kubeba masizi umekwisha, mwaga leo. Ukiona pete pana ya manjano hafifu nje ya yote, hiyo ni dizeli. Ukingo ukiwa na meno meno, shuku maji.

Maji yana kipimo chake: pasha kipande cha chuma kipate kama nyuzi 150, dondosha tone. Likichacharika na kutoa vipovu, kuna maji. Kaa mbali na uso. Na kama maji ya rejeta yanapungua huku tone linachacharika, usimwage oili tu ukaondoka, tafuta gasketi ya silinda hedi au kipoza oili.

NyundoTatu

Na filta ya zamani, kuna cha kuona ndani?

MzeeWaKrenki

Kuna mengi. Ifungue kwa kikata filta. Ukitumia msumeno wa chuma utaona chenga ulizozitengeneza mwenyewe. Kunjua karatasi kwenye mwanga. Chenga zinazonata kwenye sumaku ni chuma: kamshafti, ringi, gia. Zisizonata na zenye rangi ya shaba au fedha nyepesi ni beringi. Chache ndogo kama vumbi ni za kawaida. Zikiwa kubwa kiasi cha kuhesabika kwa macho, shusha sampu.

MtejaMakini

Shukrani sana. Feki tunaitambuaje basi?

Beringi_Kuu

Anza na namba ya toleo: kwenye kopo halali imepigwa kwenye plastiki au kwa wino, na inafanana na ya kwenye boksi. Sili ya ndani ya mfuniko iwe nzima. Alama ya API ni duara: juu imeandikwa API SERVICE na daraja, katikati uzito wa SAE. Jina la oili lipo kwenye orodha ya wenye leseni ya API mtandaoni, litafute kwa simu ukiwa dukani. Kopo linalosema tu "inafaa kwa dizeli zote" bila herufi halijaahidi chochote. Ukimaliza, toboa kopo lako kabla ya kulitupa, makopo mazima yanarudi sokoni.

Semi_Tunduma

La mwisho kwangu: oili ikipungua njiani na ya aina yangu haipo, naongeza nini?

Beringi_Kuu

Oili zenye daraja la API zinachanganyika bila kuganda, kwa hiyo kuongeza kopo jingine hakutaua injini. Ongeza ya herufi sawa au ya juu kwanza, uzito ufuate. Kwenye lori la CI-4 15W-40, ukikuta CI-4 20W-50 na SL/CF 15W-40, chukua ya kwanza. Kwenye gari yenye DPF, chagua C3 au CK-4, hata kama uzito hauko sawasawa, na uhesabu muda wako kwa oili dhaifu kati ya hizo mbili.

Pima gari likiwa sehemu tambarare, limezimwa dakika 5 hadi 10. Kwa pikapu nyingi kutoka L hadi F ni lita 1 hadi 1.5, kwa hiyo ongeza robo robo ukipima, usimwage lita nzima kwa mara moja. Ukibadili, paka mpira wa filta oili mpya, kaza kwa mkono mpaka uguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Filta inayosimama wima ijaze kwanza oili safi ili turbo isisubiri. Washa ya bolti ya sampu iwe mpya, na bolti usiikaze kwa bomba refu, sampu nyingi siku hizi ni za alumini na nyuzi zake zinang'oka. Washa injini, iache ingurume dakika mbili, zima, chungulia chini kama kuna tone, pima tena. Kama filta hukuijaza kwanza, imekunywa karibu nusu lita hadi lita, ongeza hapo.